Bata mzinga wa porini Missouri: je, nyama yake inalipa?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Columbia, Missouri. Nilikuja huku kutoka kambi ya Nyarugusu. Nyama dukani imepanda bei hadi siku nyingi za juma tunakula maharage. Mwenzangu wa kazini, Mmarekani, ananialika twende kuwinda bata mzinga wa porini mwezi wa nne. Anasema ni nyama ya bure. Kweli inalipa? Na mimi niliyeingia kama mkimbizi naruhusiwa kushika bunduki? Halafu huyo ndege anapikwaje? Mwaka jana nilipewa mapaja yake, nikayachemsha saa nzima, yakabaki magumu kama mpira wa tairi. Watoto walicheka, mimi nikalia moyoni."

Jibu: Marahaba, mama. Nitaanza na pesa, kwa kuwa ukikosea hapo mengine yote yatakugharimu.

Hiyo nyama ni ya bure kwake yeye. Ana shotigani ya siku nyingi, ana nguo za kujifichia, ana gari linaloingia njia za matope na anamfahamu mwenye shamba. Kilichobaki ni kibali cha msimu, ambacho kwa mkazi wa Missouri hakifiki dola 25. Wewe ukianza kwa kununua kila kitu utajikuta umetoa dola 400 au 500 kabla hujamwona ndege. Shotigani mpya ya bei ya chini pekee inakula dola 200 na zaidi, na ukienda kwenye zile risasi za tungsteni wanazosifia wauzaji, risasi moja inaweza kufikia bei ya kuku mzima.

Sasa tazama unachopata. Dume mkubwa akiwa hai ana kilo 8 hadi 11. Ukitoa manyoya, matumbo na mifupa unabaki na kilo 3 hivi, akinona sana 4. Missouri inaruhusu ndege 2 tu kwa mtu mmoja katika majira ya kuchipua, na wengi wanaoanza humaliza msimu mikono mitupu. Wakati huohuo, kila mwezi wa 11, kabla ya sikukuu ya Thanksgiving, maduka makubwa hushindana kushusha bei ya bata mzinga wa kufugwa aliyegandishwa. Mara nyingi utampata chini ya dola 2 kwa ratili, pengine chini ya dola 1, kwa sababu duka linakubali kula hasara kwenye ndege ili ununue na vingine. Kama shida yako ni nyama ya watoto tu, nunua wawili au watatu wiki hiyo, wakate vipande, uwaweke kwenye friza. Uwindaji wa bata mzinga kwa vifaa vya kununua hautashinda bei hiyo.

Hata hivyo mwaliko usiukatae. Ukienda na bunduki ya kuazima, nguo za kuazima na gari la mwenzako, gharama yako ni kibali na mchango wa mafuta, na hapo ndege mmoja tu analipa. Jambo la pili linakuhusu zaidi wewe unayejua kupika: wawindaji wengi wa hapa humkata ndege vidari viwili na hawajui la kufanya na mapaja. Hayo uliyopewa mwaka jana hukupewa kwa kuwa mtu alikupenda sana. Alikuwa anayaondoa njiani. Waambie kazini, kanisani, kwa jirani mwenye stika ya bata mzinga kwenye gari: "Mapaja, shingo, firigisi na mifupa msitupe, nitavichukua." Sheria ya Missouri inakataza kutelekeza sehemu ya windo ambayo watu huila, kwa hiyo unamsaidia na yeye. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nyama nafuu kuliko zote za porini. Haihitaji bunduki, inahitaji sufuria na subira.

Sasa bunduki na makaratasi yako. Soma hapa taratibu. Sheria ya nchi nzima inamkataza mtu asiye na hadhi halali ya uhamiaji kushika bunduki au risasi, hata za kuazima, hata kwa dakika moja. Inamkataza pia aliye hapa kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, isipokuwa anaangukia kwenye moja ya misamaha iliyoandikwa, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. Wewe uliyepokelewa kama mkimbizi hauko katika makundi hayo mawili, na mwenye kadi ya kijani vilevile. Lakini yapo makatazo yanayomfunga kila mtu, raia na mgeni: kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai, au kwa kosa la kumpiga mtu wa nyumbani. Na kama nyumbani kwako kuna ndugu ambaye ombi lake la hifadhi bado linasikilizwa, usimkabidhi bunduki kabla hajaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Raia akikosea hapa anaweza kulipa faini au kufungwa. Mgeni anaweza kupoteza na makazi. Piga simu kwenye shirika lililowapokea, uulize kama wana mwanasheria asiyetoza.

Mtu aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye, na ametimiza miaka 16, Missouri inamtaka apite kozi ya usalama wa wawindaji kabla ya kununua kibali cha kuwinda kwa bunduki. Ipo ya darasani na ipo ya mtandaoni. Kama muda umebana, kuna kibali cha mwanagenzi kinachokuruhusu uwinde bila kozi, mradi uwe bega kwa bega na mtu mzima mwenye sifa. Mimi nimewafundisha watu kozi hii, na ninamshauri kila mgeni aichukue hata kama anaweza kuikwepa. Kiingereza chake si kigumu, na sehemu kubwa ni picha. Idara ya Uhifadhi ya Missouri huendesha pia mafunzo ya bure kwa wanaoanza, pamoja na viwanja vya kulenga shabaha.

Msimu wenyewe huanza Jumatatu ya tatu ya Aprili na kwenda siku 21. Unaruhusiwa dume, au ndege yeyote mwenye ndevu zinazoonekana. Usishtuke, majike wachache nao huota ndevu: ni kishungi cha manyoya magumu kinachoning'inia kifuani. Wiki ya kwanza ni ndege mmoja tu. Saa za kuwinda huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Kwenye ardhi ya umma unaacha saa 7 mchana, ila kwenye ardhi ya mtu binafsi tangu 2024 unaruhusiwa hadi jua kuzama. Ukishapiga, tia alama kibali papo hapo, kisha uripoti kwa simu au mtandaoni kabla ya saa 4 usiku siku hiyohiyo. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo chukua kijitabu cha mwaka huu; hutolewa bure pale zinapouzwa leseni. Watoto wa miaka 6 hadi 15 wana siku zao 2 za pekee kabla ya msimu wa wakubwa.

Kwa aliyezoea kanga wa porini kule Fizi au Kigoma kuna mambo mawili ya kusahau kabisa. La kwanza ni mtego wa kamba. La pili ni kumwaga mahindi. Hapa kumvutia bata mzinga kwa nafaka ni kosa, na mahali palipomwagwa chambo huhesabiwa bado pana chambo hadi siku 10 zipite tangu chambo chote kiondolewe. Anayekaa hapo bila kujua naye ana kesi, hivyo muulize mwenye shamba.

Uwindaji wenyewe ni wa kukaa kuliko kutembea. Bata mzinga hulala juu ya miti. Alfajiri, akiwa bado tawini, dume hulia kwa mgugumio unaosikika hata kilomita moja asubuhi isiyo na upepo. Wawindaji huiga mlio wa bundi ili kumchokoza, naye hujibu bila kujizuia, na hivyo unajua mti aliolala. Unasogea gizani hadi kama mita 100 au 150, unatafuta mti mnene, unakaa. Kisha unaiga sauti ya jike. Kazi hiyo inafanywa na kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kusugua, ambacho hata mtoto wako atakijua kwa robo saa. Kuna pia kibao cha jiwe la sleti kinachokwaruzwa kwa kijiti, na kipande cha mpira mwembamba kinachowekwa ulimini, ambacho huwatapisha wengi siku za mwanzo. Vifaa vya kielektroniki vya kutoa mlio haviruhusiwi.

Ugumu wote uko hapa: kwa desturi ya ndege hawa, dume analia naye jike ndiye anayemfuata. Wewe unamtaka dume avunje desturi aje kwa jike asiyeonekana. Ndiyo maana husimama mbali, akajitanua, akafungua mkia na kungoja. Mgeni huchoka hapo, akaita zaidi na zaidi, na ndege akashuku. Ita kidogo, nyamaza. Nusu saa ya kimya imeua mabata mzinga wengi kuliko kelele. Na madume wanapokwisha kuonana na majike asubuhi, kuanzia saa 3 hivi majike huenda kutaga na dume hubaki peke yake. Watu wengi wameshaondoka kwenda kula, na huo ndio wakati mzuri.

Harufu yako haimsumbui sana. Macho ndiyo hatari. Anaona karibu pande zote bila kugeuza shingo, na anatambua mtikisiko wa kidole. Funika uso na viganja. Shotigani iwe tayari juu ya goti kabla hajatokea, maana ukiiinua mbele yake ameshakimbia. Unalenga pale shingo yenye vinyama inapokutana na manyoya, si mwilini. Kwa umbali, hatua 40 ndiyo mwisho, na kwa bunduki ya kuazima usiyoijua afadhali 25 au 30. Jaribu kwanza kwenye karatasi uone marisau, yaani zile punje ndogo zilizo ndani ya risasi, yanavyotawanyika. Missouri inataka marisau namba 4 au madogo zaidi, na kumbuka namba ikiwa kubwa marisau ni madogo. Anayelenga mwili anajeruhi ndege, anamkosa, au anamleta nyumbani kidari kikiwa kimejaa vipande vya chuma.

Hapa nakuomba usome mara mbili. Hatari kubwa ya uwindaji huu ni mwindaji kudhaniwa ndege. Watu wamevaa rangi za msitu, wamekaa kimya, wanalia kama bata mzinga. Mtu mwenye haraka hufyatua kwa kusikia. Kichwa cha dume kina nyekundu, nyeupe na buluu, hivyo usivae hata uzi wa rangi hizo. Kitenge chekundu, soksi nyeupe, kofia ya timu, vyote vibaki nyumbani. Usiige mlio wa dume. Usinyatie sauti unayoisikia, kwani yaweza kuwa mtu mwenzako. Mti unaoegemea uwe mpana kuliko mabega yako ili ulinde mgongo. Ukimwona mwindaji mwingine anakuja usipunge mkono, sema kwa sauti kubwa: "Niko hapa!" Na unapombeba ndege kurudi kwenye gari, mfunike kwa kitambaa cha rangi ya machungwa inayong'aa.

Hatari ya pili ni ndogo na inatambaa. Kupe wa Missouri ni wengi Aprili na Mei, na mmoja wao, mwenye doa jeupe mgongoni, anaweza kukuachia mzio wa nyama ya wanyama wanaonyonyesha: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kulungu. Watu wameishia hospitali saa chache baada ya kula nyama waliyoila maisha yao yote. Nyama ya ndege haiwadhuru hao, lakini sitaki ujifunze kumpenda bata mzinga kwa njia hiyo. Nguo zipuliziwe dawa ya wadudu iitwayo permethrini na kukauka kabla ya kuvaliwa, suruali iingizwe kwenye soksi, na ukirudi jikague mwili mzima.

Kama unaona aibu kwenda kwenye maeneo ya umma ya uhifadhi, ukidhani ni ya wenyeji, ondoa aibu. Tangu kura ya 1976 kila unachonunua Missouri hukatwa moja ya nane ya asilimia moja kwa ajili ya uhifadhi. Risiti zako za sabuni na unga zimelipia misitu hiyo. Mabata mzinga wenyewe wako hai kwa sababu ya kazi ya namna hiyo: walikuwa wamekaribia kwisha, wahifadhi wakajaribu kuachia waliolelewa mabandani, ndege hao wakafa. Ndipo walipoanza kuwanasa wa porini kwa nyavu na kuwahamishia kaunti nyingine. Msimu wa kwanza wa kisasa, 1960, ulikuwa wa siku 3 katika kaunti 14, na waliouawa ni 94 jimbo zima.

Haya, ndege ameanguka. Aprili ya Missouri inaweza kuwa na joto, kwa hiyo tumbo litolewe mapema, firigisi, ini na moyo vitengwe, na barafu iwepo kwenye gari. Ukitaka ngozi, mnyonyoe kwa maji ya moto yasiyochemka, kama unavyofanya kwa kuku wa kienyeji. Mimi huona kwa dume mzee haina haja, ninachuna. Mbele ya kidari utakuta tabaka la mafuta laini, ni akiba anayotumia wakati wa kutafuta majike. Liondoe, linaharibu ladha. Kisha iache nyama kwenye jokofu siku 2 au 3 kabla ya kupika au kugandisha. Ukiipika ndege akiwa bado amekakamaa, hata kidari kitakushinda.

Pitisha vidole kila mahali kutafuta marisau, na kata nyama yoyote iliyovilia damu au kuingiwa na manyoya. Kwa kuwa una watoto, mwombe mwenzako atumie marisau ya chuma au tungsteni badala ya risasi ya madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Hapo ndipo ninapokubali hizo risasi za bei mbaya, tena unahitaji moja tu.

Kosa la mapaja yako lilikuwa la muda tu. Ndege huyu ametembea na kukimbia miaka 2 au 3, na paja lake limejaa kano na tishu ngumu ambazo hazilegei kwa saa moja. Kwa saa moja ndiyo kwanza zinajikaza. Zinahitaji saa 3, na dume mzee 4, kwa moto mdogo ambao maji yanacheza bila kutokota. Kwa sufuria ya presha ni dakika 50 hadi 60. Kwenye mguu wa chini utakutana na kano ngumu, kama vijiti. Usihangaike kuzitoa zikiwa mbichi. Nyama ikiiva, zivute kwa vidole, zinatoka zenyewe.

Mimi mapaja nayafanya hivi. Usiku uliotangulia nayapaka chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo, na kuyaacha kwenye jokofu. Asubuhi nayakausha kwa kitambaa na kuyakaanga kwenye mafuta kidogo hadi yawe mekundu pande zote. Hatua hii usiiruke, ladha yote ya mchuzi inatoka hapa. Nayatoa, nakaanga vitunguu 2 vikubwa katika sufuria ileile, naongeza tangawizi, kitunguu saumu, nyanya 3 au 4 na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Nyama inarudi, maji yanafika karibu kuifunika, mfuniko juu, moto chini, naenda kufanya mengine. Uma ukiingia bila kubishana, natoa mifupa na kano, narudisha nyama iliyochambuliwa, kisha nakoroga vikombe 2 vya karanga zilizosagwa na mchuzi wa moto na kumimina. Dakika 20 za mwisho koroga chini, karanga hushika sufuria. Mapaja ya ndege mmoja kwa ugali yanawatosha ninyi watano, na cha kesho kinabaki.

Ukichoka na karanga, tui la nazi linakubali pia, na sombe, yaani kisamvu, ndiyo inayokubali kuliko vyote. Ile sombe iliyogandishwa ya dukani huwa inalia upweke. Ichemshe katika supu ya mifupa ya bata mzinga, uchambue humo nyama ya shingo, uweke mawese mwishoni. Firigisi zisafishe, zichemshe hadi zilainike, kisha zikaange na vitunguu. Supu inayobaki ni ya pilau.

Kidari ni habari tofauti kabisa, na hapa wenyeji wengi ndipo wanapoharibu. Wanamwoka ndege mzima kama wa Thanksgiving. Yule wa dukani amefugwa awe na kifua kipana na mafuta, na mara nyingi amedungwa maji ya chumvi kiwandani. Wa porini hana mafuta. Kidari chake kinakauka saa nyingi kabla paja halijalainika, kwa hiyo usivipike pamoja, hata siku moja. Kata kidari ukivuka nyuzi za nyama, si kuzifuata, vipande vya kidole kimoja cha unene. Changanya na mtindi, chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na ndimu, uache saa 3 au 4. Ukitumia papai bichi badala ya mtindi, saa moja inatosha. Ukilaza usiku kucha nyama inageuka uji. Choma kama mishkaki kwenye moto mkali, dakika 3 au 4 kila upande. Nunua kipimajoto cha nyama cha dola 10 au 15: ikifika nyuzi 74 za Selsiasi ndani, toa palepale. Chini ya hapo si salama, na kila dakika ya ziada inaikausha.

Wasomaji Waislamu huniuliza kila mwaka kuhusu uhalali. Masheikh wametofautiana kuhusu ndege aliyekufa kwa marisau, hata kama mpigaji alitaja jina la Mwenyezi Mungu alipofyatua, maana marisau ya duara hayakati kama kisu au mshale. Ndege aliyekutwa bado hai akachinjwa hana mjadala. Katika uwindaji huu wengi hufa palepale, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla ya msimu, usingoje ndege awe sufuriani.

Kuhusu kiasi: kama baada ya Aprili utaona mikono yako imetulia na kozi umeipita, muulize huyo mwenzako kuhusu Novemba. Kulungu wa mkia mweupe mmoja hutoa kilo 18 hadi 25 za nyama isiyo na mfupa, na kibali cha kulungu asiye na pembe kwa mkazi hakizidi dola 10 katika kaunti zinakoruhusiwa. Hapo hesabu inageuka, hata ukinunua bunduki inaweza kurudi kwa misimu michache. Bata mzinga atakuwa amekufundisha kukaa kimya, kusoma ardhi na kushika silaha bila kutetemeka, na katika mwaka wa kwanza mafunzo hayo yana thamani kuliko kilo zake 3. Missouri ina pia mpango uitwao Share the Harvest, ambao wawindaji huutumia kutoa nyama ya kulungu kwa ghala za chakula za wenye uhitaji. Uliza kwenye ghala la chakula la mtaani kwako kama wanayo. Ni nyama nzuri, imesagwa, na haiulizwi ulipiga wewe au nani.

Neno la mwisho ni kuhusu biashara, kwa sababu najua jinsi ndugu zetu wanavyokumbuka nyama ya pori. Tanzania siku hizi ina mabucha ya nyamapori yenye leseni, na Kongo inauzwa sokoni. Hapa bata mzinga wa porini haruhusiwi kuuzwa kabisa, si kipande, si supu. Ukiweka bei kwenye sahani ya harambee umeshauza. Kumpa mtu zawadi kunaruhusiwa, ila kifurushi kiwe na maandishi yanayomtaja aliyewinda na tarehe ndege alipouawa, kama kijitabu cha mwaka huu kinavyotaka. Na hayo mapaja utakayokusanya kwa watu, dai maandishi hayo kwa kila mfuko kabla ya kuuingiza kwenye friza yako.